Alemayehu, mwana wa mfalme wa Ethiopia aliyelelewa na washindi wa baba yake

Nje ya Kanisa la St George, ndani ya ngome ya Windsor nchini Uingereza, amezikwa kijana wa Kiethiopia aliyefariki dunia tarehe 14 Novemba 1879 akiwa na umri wa miaka 18. Jina lake ni Alemayehu, mwana wa Mfalme wa Wafalme Tewodros wa Pili. Alifikishwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka saba, miezi michache baada ya baba yake na mama yake kufariki, na kwa miaka kumi na mmoja aliishi chini ya uangalizi wa serikali ya nchi iliyomshinda baba yake vitani.

Ethiopia imekuwa ikiomba mabaki yake yarudishwe. Mwaka 2007 Rais Girma Wolde-Giorgis aliwasilisha ombi hilo kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 2023 Kasri la Buckingham lilitoa jibu lililotangazwa duniani kote, kwamba haiwezekani kuyatoa mabaki ya kijana huyo bila kuyagusa ya watu wengine waliozikwa karibu naye.

Nyuma ya ombi hilo na jibu hilo kuna swali lisilohusu kaburi peke yake, nalo ni kwamba Alemayehu alikuwa mtoto wa nani. Maisha yake mafupi yanaonyesha jinsi watu wengi wanavyoweza kumchukua mtoto mmoja, kila mmoja kwa nia yake, na bado mtoto huyo asiwe na mahali pa kuita kwake.

Kuzaliwa katika nyumba ya washindani

Alemayehu alizaliwa mwezi Aprili 1861. Jina lake kwa Kiamhari maana yake ni nimeuona ulimwengu. Baba yake, ambaye kabla ya kutawazwa aliitwa Kassa Hailu, alitoka Qwara, kaskazini-magharibi mwa nchi, na alipanda hadi kiti cha enzi kwa upanga. Mwezi Februari 1855 alimshinda Dejazmach Wube, mtawala wa Semien na Tigray, katika vita vya Deresge. Siku chache baadaye Kassa alivikwa taji katika kanisa lile lile la Deresge ambalo Wube alikuwa amelijenga, akachukua jina la Tewodros. Wube akatiwa kifungoni.

Miaka michache baadaye, baada ya kifo cha mke wake wa kwanza, Tewabech, aliyempenda mno, Tewodros alimwoa Tiruwork, binti wa mfungwa wake Wube. Ndoa hiyo haikuwa na furaha. Tiruwork, ambaye jina lake maana yake ni dhahabu safi, alikuwa mwanamke mwenye elimu ya dini na mwenye kujiheshimu, na hakumsahau baba yake aliyekuwa gerezani. Inasimuliwa kwamba mfalme alipoingia chumbani mwake, malkia huyo aliendelea kusoma Zaburi bila kuinua macho.

Basi tangu kuzaliwa, Alemayehu alikuwa mjukuu wa mshindwa na mwana wa mshindi. Jambo hilo halikuwa geni katika Ethiopia ya wakati ule. Watawala waliunganisha nyumba zao na nyumba za maadui zao kwa ndoa, na pia kwa kuwalea watoto wao.

Mtoto mwingine katika ngome ya Maqdala

Ili kuielewa hatima ya Alemayehu, yafaa kumkumbuka mtoto mwingine aliyelelewa na Tewodros mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1855 Tewodros aliingia Shewa, ufalme uliokuwa katikati ya nchi. Mtawala wake, Haile Melekot, alifariki dunia kwa maradhi wakati vita vikiendelea, akamwacha mwanawe Sahle Maryam, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Mtoto huyo alikamatwa akapelekwa Maqdala, mlima wenye kingo kali ambao Tewodros aliufanya ngome, hazina na gereza.

Sahle Maryam alikuwa mateka, lakini hakutendewa kama mfungwa wa kawaida. Tewodros alimpenda, akahakikisha anapata elimu na mafunzo ya kivita, akampa cheo cha dejazmach, kisha mwaka 1864 akamwoza binti yake Alitash. Mfalme aliyeiangusha nyumba ya Shewa alikuwa amemfanya mrithi wa nyumba hiyo kuwa mwana na mkwe.

Hata hivyo, mwaka 1865 kijana huyo alitoroka Maqdala usiku, akamwacha nyuma mkewe Alitash. Alipokewa na Worqitu, malkia wa Wello, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa miongoni mwa mateka wa Tewodros. Kwa ghadhabu, Tewodros aliamuru mwana huyo wa Worqitu auawe. Mtoro alifika Shewa, watu wa baba yake wakamkubali, naye akatawala kwa jina ambalo historia inamjua kwalo, yaani Menelik. Mwaka 1889 akawa Mfalme wa Wafalme, na mwaka 1896 akayashinda majeshi ya Italia katika vita vya Adwa.

Mwaka 1867, nguvu za Tewodros zilipokuwa zikipungua, Menelik alifika karibu na Maqdala akiwa na jeshi kubwa, kisha akarudi bila kuishambulia ngome ile. Wanahistoria wametoa sababu mbalimbali za kurudi huko. Lililo wazi ni kwamba mtu aliyekuwa ndani ya ngome alikuwa amemwangusha baba yake, na pia alikuwa amemlea.

Menelik naye, alipokuwa mtawala, alifanya yale yale. Habte Giyorgis, aliyetekwa akiwa kijana katika vita vya kuipanua Shewa, alilelewa katika nyumba ya mfalme hadi akawa waziri wa vita. Balcha Safo, aliyechukuliwa akiwa mtoto katika vita vya namna hiyo, aliongoza mizinga ya Ethiopia huko Adwa. Kuwachukua watoto wa walioshindwa kulianza na umwagaji damu, na hilo halipaswi kufichwa. Lakini watoto hao waliingia katika nyumba ambazo lugha, dini na desturi zake waliweza kuzifanya zao, na milango ya vyeo haikufungwa mbele yao. Isitoshe, Menelik alipotaka kurudi kwa watu wake, njia ya kwenda Shewa ilikuwa safari ya farasi.

Barua isiyojibiwa na vita vya 1868

Msiba wa Alemayehu ulianza na barua. Mwaka 1862 Tewodros alimwandikia Malkia Victoria wa Uingereza, akitaka urafiki na msaada dhidi ya maadui zake. Barua ilifika London, lakini haikujibiwa. Mfalme aliona amedharauliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1864 alimfunga balozi mdogo wa Uingereza, Charles Duncan Cameron, pamoja na Wazungu wengine. Mjumbe Hormuzd Rassam, aliyetumwa kuwaombea, naye baadaye akazuiliwa.

Serikali ya Uingereza ilimtuma Jenerali Robert Napier kutoka India akiwa na askari wapatao 13,000 na tembo 44 wa kubeba mizinga na mizigo. Jeshi lilishukia Zula, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, likapanda milima mamia ya kilomita. Tarehe 10 Aprili 1868, siku ya Ijumaa Kuu ya Waingereza hao, jeshi la Tewodros lilishindwa vibaya katika uwanda wa Aroge, chini ya Maqdala. Mfalme aliwaachia huru mateka wa Kizungu, lakini alikataa kujisalimisha. Tarehe 13 Aprili askari walipoipanda ngome, Tewodros alijiua kwa bastola ambayo Malkia Victoria mwenyewe alikuwa amemzawadia miaka ya nyuma.

Ngome iliporwa kisha ikachomwa moto. Taji, misalaba, nguo za kifalme na mamia ya vitabu vya kuandikwa kwa mkono vilibebwa kwa tembo 15 na nyumbu karibu 200. Vingi vya vitu hivyo viliishia katika makumbusho na maktaba za Uingereza. Katika msafara huo huo wa kurudi pwani walikuwamo Malkia Tiruwork na mwanawe.

Mtoto anabaki na kapteni

Waingereza walieleza kwamba kumchukua mtoto yule kulikuwa kumwokoa. Walisema kwamba Tewodros mwenyewe alitamani mwanawe alelewe na wao, na kwamba wagombea wa kiti cha enzi wangeweza kumwua. Hatari hiyo haikuwa ya kubuni, kwa maana mwana wa mfalme aliyeanguka alikuwa tishio kwa kila aliyetaka kutawala. Lakini mama yake alikuwa hai, na upande wa mama huyo palikuwa na ukoo mzima kaskazini mwa nchi. Tiruwork alikusudia kurudi kwa watu wake.

Hakufika. Alikuwa mgonjwa wa mapafu, na tarehe 15 Mei 1868 alifariki dunia njiani, akazikwa katika kanisa la Chelekot huko Tigray. Alemayehu alikuwa ametimiza miaka saba wiki tatu tu kabla ya siku hiyo. Bibi yake, Waizero Laqiyaye, mama yake Tiruwork, alikuwa hai, lakini msafara uliendelea kuelekea baharini na mtoto akaenda nao.

Aliyekabidhiwa mtoto huyo ni Kapteni Tristram Speedy, mtu mrefu mno, mwenye ndevu nyekundu na mwenye kuzungumza Kiamhari. Miaka ya nyuma Speedy aliwahi kumtumikia Tewodros, akiwafundisha askari wake, kabla ya kukosana naye na kuondoka. Napier alimwita ili awe mkalimani wa jeshi. Waethiopia walimwita Basha Felika.

Kwa mtoto aliyewapoteza baba, mama na nyumba ndani ya wiki chache, mtu huyo mkubwa mwenye kuijua lugha yake akawa kimbilio. Inasimuliwa kwamba Alemayehu aliogopa giza, na kwamba usiku hakukubali kulala mbali na Speedy. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika miaka ile ya kwanza, kazi hiyo ilifanywa na askari wa jeshi lililokuwa limeivamia nyumba ya mtoto.

Picha, kasri na India

Walifika Uingereza mwezi Julai 1868. Malkia Victoria alimpokea Alemayehu katika makazi yake ya Osborne, kwenye Kisiwa cha Wight, akampenda na kumwandika kwa upole katika kumbukumbu zake za kila siku. Speedy na mtoto walikaa Freshwater, katika kisiwa hicho hicho, na huko mpiga picha mashuhuri Julia Margaret Cameron aliwapiga picha ambazo zingali zikitazamwa hadi leo. Mtoto amevikwa mavazi ya Kihabeshi na mkufu, macho yake yakiwa na huzuni. Katika baadhi ya picha Speedy yupo kando yake, naye pia akiwa amevaa Kihabeshi.

Picha hizo zilimfanya Alemayehu kuwa mashuhuri. Watu walitaka kumwona yatima wa kifalme kutoka Afrika. Umashuhuri huo haukumpa haki yoyote. Katika karatasi za serikali hakuwa raia wa kawaida, hakuwa mfungwa, wala hakuwa mtoto wa mtu yeyote. Gharama zake zililipwa na Wizara ya Fedha, na kwa hiyo wizara hiyo ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho juu ya mahali atakapoishi na nani atamwangalia.

Mwisho wa mwaka 1868 Speedy alioa, na mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi ya polisi kaskazini mwa India. Alemayehu alikwenda na wanandoa hao. Kwa kipindi kifupi alikuwa na kitu kinachofanana na nyumba, yaani mwanamume na mwanamke waliokaa naye mezani, wakamfundisha na kumwuguza. Huenda hapo ndipo alipokaribia zaidi kuwa mtoto wa watu kwa mara ya pili.

Uamuzi wa Wizara ya Fedha

Utulivu huo haukudumu. Speedy alipopangiwa kazi nyingine upande wa Malaya, Waziri wa Fedha Robert Lowe aliamua kwamba mtoto arudishwe Uingereza asome katika shule za mabwana. Speedy hakutaka kuachana naye. Mtoto mwenyewe alilia asitengwe na mlezi wake. Hata Malkia Victoria aliona ingefaa abaki na Speedy. Waziri hakubadili uamuzi wake.

Kwa mara ya pili Alemayehu akachukuliwa kutoka kwa mtu anayemtegemea. Safari hii hapakuwa na vita, wala mauti, wala hatari ya wagombea wa kiti cha enzi. Palikuwa na waziri aliyeamini kwamba anajua linalomfaa mtoto kuliko wale walioishi naye.

Mwaka 1872 alikabidhiwa kwa Thomas Jex-Blake, mkuu wa shule ya Cheltenham. Jex-Blake alipohamia shule ya Rugby mwaka 1874, Alemayehu alihama naye. Familia ya mwalimu huyo ilimtendea kwa wema, na kijana alipendwa na wenzake, hasa viwanjani, kwani alicheza vizuri. Masomo yalimshinda. Kidogo kidogo Kiamhari kilimtoka kinywani. Lugha ambayo mama yake aliitumia kumbembeleza ikawa haipo tena.

Wakati huo huo, nchini Ethiopia, bibi yake alikuwa hajamsahau. Waizero Laqiyaye aliandika barua akiuliza habari za mjukuu wake na kuomba arudi. Watoto wake wengine walikuwa wamekufa, na Alemayehu ndiye aliyekuwa tumaini lake. Ndugu wa damu walikuwapo basi, walijulikana, na walimtaka. Kijana naye, inaelezwa, alionyesha hamu ya kuiona nchi yake, lakini wakubwa waliomsimamia hawakuitilia maanani. Mfalme Yohannes wa Nne alikuwa ametawazwa mwaka 1872, na ilihofiwa kwamba kurudi kwa mwana wa Tewodros kungevuruga siasa. Kila mwaka uliopita ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi, kwa sababu huyo ambaye angerudi alikuwa akizidi kuwa mgeni kwao pia.

Sandhurst, Leeds na mauti

Mwaka 1878 Alemayehu alipelekwa katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, chuo kilichowafunza maofisa wa jeshi lile lile lililoivamia Maqdala. Hakufanikiwa huko. Alikuwa mpweke, alidhihakiwa, na mwaka uliofuata aliondoka. Alipelekwa Leeds kusoma kwa Cyril Ransome, aliyewahi kumfundisha Rugby, mtu aliyemwamini.

Katika mwezi wa Oktoba 1879 aliugua mapafu, kama mama yake alivyougua. Ugonjwa ulipozidi alikataa chakula na dawa, akiamini kwamba watu wanataka kumpa sumu. Tarehe 14 Novemba alifariki dunia katika kitongoji cha Headingley. Malkia Victoria aliandika katika kumbukumbu zake kwamba habari hiyo imemhuzunisha sana, kwamba kijana amekufa peke yake katika nchi ya kigeni bila jamaa hata mmoja, na kwamba maisha yake hayakuwa ya furaha.

Malkia aliamuru azikwe Windsor. Mazishi yalihudhuriwa na Kapteni Speedy na Jenerali Napier, yaani mlezi wake wa kwanza na kamanda wa vita vilivyomfanya yatima. Ndani ya kanisa liliwekwa bamba la kumbukumbu, na maneno yaliyochaguliwa kuandikwa juu yake yalitoka katika Injili ya Mathayo, mahali panaposimuliwa habari za mgeni aliyekaribishwa.

Waliochagua maneno hayo walikusudia heshima. Hata hivyo yanasema zaidi ya walivyokusudia. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kulishwa, kuvishwa na kusomeshwa, aliyezikwa pale alikuwa bado mgeni. 

Maana nyingi za kumfanya mtoto wako

Kiswahili kinatofautisha kumtunza mtoto, kumlea na kumwasili. Anayetunza hulinda mwili wa mtoto. Anayelea humkuza na kumfunza. Anayeasili humpa mtoto nafasi katika nyumba yake, jina na urithi, na neno lenyewe limebeba ndani yake neno asili. Alemayehu alitunzwa na serikali. Alilelewa kwa vipindi na Speedy, Jex-Blake na Ransome. Hakuna aliyemwasili, na pia hakuna aliyekubali kumrudisha kwa wenye asili yake.

Nchi aliyotoka ilikuwa na njia zake za kufanya jambo hilo. Miongoni mwa Waoromo ipo desturi ya gudifecha, ambayo kwayo mtoto wa nyumba nyingine huingizwa katika ukoo mbele ya wazee, akahesabiwa kama aliyezaliwa humo, mwenye haki ya kurithi. Katika nyanda za juu za Wakristo ilikuwapo desturi ya mtoto wa titi, ambapo mtu, hata akiwa mzima, aliweza kufanywa mwana wa mkubwa fulani kwa tendo la kuigiza kunyonya na kwa kiapo. Kuanzia hapo kila mmoja alikuwa na wajibu kwa mwenzake. Katika sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na mamilioni ya watu wa Ethiopia na wa pwani ya Afrika Mashariki, yatima hulelewa kwa hisani kubwa, lakini jina la baba yake mzazi haliondolewi, ili asipoteze nasaba yake.

Desturi hizi hazifanani. Moja humwingiza mtoto katika ukoo mpya, nyingine huunganisha nyumba mbili, nyingine hulinda jina la aliyekufa. Zinakutana katika jambo moja. Zote zinataka ijulikane waziwazi mtoto ni wa nani, nani ana wajibu kwake, na nani ameshuhudia. Hilo ndilo ambalo Alemayehu hakupewa.

Suala hilo halikuishia karne ya kumi na tisa. Kwa miaka mingi maelfu ya watoto wa Ethiopia waliasiliwa na familia za nje, hasa Marekani na Ulaya. Wengi walipata upendo na malezi mema. Lakini yalizuka pia malalamiko ya watoto waliopelekwa mbali huku jamaa zao wakiwa hai na bila kuelewa vizuri walichokubali. Mwezi Januari 2018 bunge la Ethiopia lilipiga marufuku wageni kuwaasili watoto wa nchi hiyo, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba watoto hao hupatwa na matatizo ya utambulisho wanapokua mbali na kwao. Wapo walioiona sheria hiyo kuwa kali mno, kwa kuwa inawafungia mlango yatima wasio na mtu kabisa. Mjadala huo ungali hai, nao una uzito kwa sababu pande zote mbili zinamtakia mtoto mema, kama walivyosema wote waliomchukua Alemayehu.

Mwezi Septemba 2023, katika hafla iliyofanyika London, shungi la nywele za Alemayehu lilikabidhiwa kwa wawakilishi wa Ethiopia. Lilikuwa limehifadhiwa kwa zaidi ya karne moja na watu wa ukoo wa Kapteni Speedy, wakaamua wao wenyewe kulirudisha. Miaka minne kabla ya hapo, makumbusho ya taifa ya jeshi la Uingereza yalikuwa yamerudisha nywele za Tewodros.

Kwa hiyo nywele za baba na za mwana zimekwisha kutoka mikononi mwa waliozichukua. Mifupa ya baba iko Ethiopia. Mifupa ya mama iko Ethiopia. Ya mwana bado iko Windsor, chini ya uangalizi wa nyumba ya kifalme ya Uingereza, kama alivyokuwa yeye mwenyewe alipokuwa hai.